Somo la Noeli la Kusomwa Nyumbani: Kupeana Nafasi

Luka 2:1–20



Somo hili limeandikwa ili lisomwe nyumbani. Baba au mama wa nyumba, au mtoto mkubwa ajuaye kusoma vema, na alisome kwa sauti jioni moja kabla ya sikukuu, watu wote wakiisha kuketi. Kwanza isomwe Injili ya Luka, mlango wa 2, tangu mstari wa 1 hata wa 20. Kisha yafuate maelezo haya, na mwisho watu waulizane maswali yaliyo chini.

Mifano nimeitwaa katika nchi ya Kilimanjaro, kwa sababu habari za watu wa huko kurudi kwao wakati wa Noeli zajulikana kotekote Tanzania. Lakini msomaji wa Usambara, au wa Bukoba, au wa Njombe, ataona upesi kwamba mambo ya nyumbani hufanana.

1. Kila mtu aliuendea mji wa kwao

Luka atueleza kwamba Kaisari Augusto alitoa amri watu wote waandikwe. Yusufu alikuwa akikaa Nazareti, lakini kwa kuwa ukoo wake ulikuwa wa Daudi, hakuwa na budi kwenda Bethlehemu. Safari hiyo ilikuwa ya zaidi ya kilomita 100 kwa njia za milimani, na Mariamu alikuwa mja mzito. Haikuwa safari ya sikukuu. Ilikuwa safari ya amri ya serikali, yenye vumbi na uchovu. Hata hivyo Mungu aliitumia, na Mwokozi akazaliwa kati ya watu waliokuwa wamerudi kwao.

Sisi nasi twaiona safari ya namna hiyo kila mwaka. Ifikapo Desemba, vituo vya mabasi vya Dar es Salaam hujaa watu wenye mabegi, ndoo, magodoro na watoto waliofungwa mgongoni. Wapita Chalinze, na Korogwe, na Same, hata Moshi, safari ya kilomita zaidi ya 500. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Na treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, iliyokuwa imekoma kwa miaka mingi, ilirudishwa Desemba 2019, watu walipokuwa wakijitayarisha kwenda kula sikukuu. Watani wao husema, Wachagga wanakwenda kuhesabiwa.

Utani huo wachekesha, lakini ndani yake mna neno la kufikiri. Ni kweli kwamba nyumbani mtu huhesabiwa. Kaisari alihesabu watu apate kodi yao. Mama asimamaye mlangoni pa nyumba yake jioni ya tarehe 23 huhesabu kwa namna nyingine. Ahesabu vichwa vishukavyo garini, na kabla hajasalimu amekwisha kujua ni nani amekuja na ni nani hakuja. Ni nani amekonda, na ni nani macho yake yana huzuni. Hesabu ya namna hiyo haiandikwi katika kitabu, tena hakuna aifanyaye vizuri kumpita mzazi.

Basi swali la somo letu ni hili: tukiisha kufika na kuhesabiwa, je, twapeana nafasi?

2. Mahali pa hori

Luka asema mtoto alilazwa horini, kwa kuwa nafasi haikupatikana mahali pa wageni. Wengi wetu tangu utotoni tumefikiri habari za hoteli iliyojaa na mwenye hoteli mkali aliyewafukuza. Lakini mwenye hoteli hatajwi katika Injili. Neno la Kiyunani alilolitumia Luka hapa ni kataluma, nalo ndilo alilolitumia tena katika mlango wa 22, mstari wa 11, Bwana alipoulizia chumba cha kulia Pasaka pamoja na wanafunzi wake. Alipotaka kutaja nyumba ya wageni wa njiani, ile ambayo Msamaria alimpeleka mtu aliyejeruhiwa, Luka alitumia neno jingine. Kwa hiyo wataalamu wengi wa Maandiko huona kwamba hapa maana yake ni chumba cha wageni katika nyumba ya watu, nacho kilikuwa kimejaa.

Nyumba nyingi za wakulima wa nchi ile zilikuwa na paa moja juu ya watu na wanyama. Watu walilala upande ulioinuliwa kidogo, na mifugo upande wa chini, karibu na mlango, na mahali pa kuwalishia palikuwa humo humo ndani.

Mzee wa Kichagga asikiapo maelezo haya hashangai hata kidogo. Nyumba ya wazee wake, ile ya msonge iliyoezekwa hata nyasi zikakaribia kugusa ardhi, ilikuwa hivyo hivyo. Ng'ombe na mbuzi walikaa ndani, watu wakalala karibu nao, na moto wa mafiga ukawapasha wote joto usiku wa baridi ya mlimani. Akina mama walikwenda kukata majani na kuyabeba kichwani, kwa kuwa ng'ombe hakutolewa kwenda malishoni. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba hiyo alisikia pumzi ya ng'ombe kabla hajaijua sauti ya jirani.

Basi tazameni jambo lililotokea Bethlehemu. Mahali pa heshima palijaa. Nafasi ikapatikana mahali pa kazi ya kila siku, mahali pa kulisha na kukamua na kufagia. Mwokozi hakungoja chumba kilichopambwa. Kwa hiyo anayetaka kumtafuta siku ya Noeli asimtafute kanisani peke yake, wala katika sebule yenye viti vipya. Na aangalie pia jikoni, na zizini, na kitandani pa mgonjwa.

Siku hizi katika vihamba vya Kilimanjaro zimejengwa nyumba kubwa na nzuri. Nyingine zina vyumba sita au saba, na madirisha ya vioo, na geti la chuma. Nazo hufungwa kwa kufuli tangu Januari hata Desemba. Hatuwalaumu waliozijenga, maana wamejenga kwa jasho lao na kwa kuwapenda wazazi wao. Lakini nyumba yaweza kuwa na vyumba vingi na nafasi ikawa haba. Nafasi tunayoisema hapa haijengwi kwa matofali. Ni masikio yanayosikiliza, na kiti kinachosogezwa karibu, na saa moja isiyoharakishwa.

3. Watu wanne wa kupewa nafasi

Wa kwanza ni mzazi mzee. Tangu Novemba mama amekuwa akitayarisha. Amefagia uwanja, amechagua mkungu wa ndizi za mtori, na mbuzi wa sikukuu amemkatia majani kwa mkono wake mwenyewe. Mwanawe afika na mizigo mingi: kanga, blanketi, sukari, mafuta ya kupikia. Amsalimu mama yake kwa haraka, ashusha vitu, kisha asema, “Mama, naenda mjini mara moja kuonana na wenzangu.” Naye mama humjibu, “Haya mwanangu, nenda, nimekwisha kukuona.” Jibu hilo ni la upole, lakini msidhani kwamba mama ametosheka.

Mzee hasemi neno lake siku ya kwanza. Siku ya kwanza husema, “Sisi hatujambo, twamshukuru Mungu.” Siku ya pili husimulia habari za majirani na za misiba. Labda siku ya tatu, mwana akiwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto akimenya ndizi pamoja naye, ndipo asemapo polepole kwamba jicho lile la kushoto halioni tena, au kwamba usiku huogopa kuamka peke yake. Aliyetumia siku zake zote mjini hatalisikia neno hilo. Fedha tunazozituma kila mwezi kwa simu ni msaada mwema, wala asiwepo mtu atakayeacha kuzituma. Ila simu haioni kwamba sufuria imekuwa nzito mkononi mwa mama.

Na hapa niseme neno moja kwa wanaume. Mtu akinywa mbege tangu tarehe 25 hata mwaka mpya, akihama kilabu hiki kwenda kile, huyo amefika kijijini, lakini nyumbani hajafika.

Wa pili ni watoto waliozaliwa mjini. Wengi wao hawakijui Kichagga, na bibi Kiswahili chake ni kidogo. Basi hukaa mbali mbali, watoto na simu zao, bibi na kimya chake. Wazazi huona haya, wakawakemea watoto mbele ya watu: “Msalimuni bibi vizuri!” Kukemea hakufundishi lugha. Wapeni watoto kazi ya kufanya pamoja na bibi. Mmoja na achukue maji, mwingine na akate majani ya ng'ombe, mdogo na ashike kamba ya mbuzi. Kazi ni lugha ambayo bibi na mjukuu waisema wote wawili, na maneno hufuata nyuma yake. Jioni, babu au baba na awatembeze kihambani, awaonyeshe makaburi ya ukoo, awatajie majina yao na kazi walizozifanya. Awaeleze kwamba mibuni ile midogo iliwasomesha wengi, na kwamba chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933 na watu walioipanda kahawa katika vihamba kama hiki. Mtoto atakayerudi mjini akijua kumwamkia bibi yake kwa lugha ya bibi amemwachia zawadi isiyouzwa dukani.

Wa tatu ni yule apikaye. Katika nyumba nyingi huyu ni mke wa mwana wa mwisho, aliyebaki kuwatunza wazazi. Au ni msichana wa kazi aliyeletwa kutoka mjini pamoja na wageni. Asubuhi ya tarehe 25 watu huvaa vizuri na kwenda ibadani, naye huachwa na masufuria. Warudipo huuliza, “Chakula tayari?” Mimi nauliza swali jingine: Je, Kristo hakuzaliwa kwa ajili yake pia? Wachungaji wa kondoo waliletewa habari njema wakiwa kazini usiku. Malaika hakungoja wapate likizo. Sharika nyingi zina ibada zaidi ya moja siku hiyo. Wengine waende ile ya kwanza, na wengine waende ya pili. Nyama ya mtori yaweza kuchemshwa usiku wa mkesha, na mikono ya wanaume haivunjiki kwa kumenya ndizi. Na yule msichana wa kazi ana mama yake naye, mahali fulani, anayesimama mlangoni akihesabu vichwa. Kama nafasi yapatikana, apewe nauli na siku zake, aende akahesabiwe kwao.

Wa nne ni ndugu asiyesemezana nasi. Hapo ndipo penye uzito wa somo hili. Kwa desturi ya Wachagga, mwana wa kwanza alipewa kihamba, na mwana wa mwisho alibaki katika nyumba ya wazazi. Wa katikati walijitafutia. Zamani mashamba yalikuwako ya kutosha. Sasa watu wamekuwa wengi na ardhi imegawanyika vipande vipande, na hatua mbili za mpaka zaweza kuwafarakanisha watoto wa tumbo moja. Hao huja nyumbani kila Noeli. Huketi kanisa moja, viti mbali mbali. Kila mmoja huchinja mbuzi wake, na mama yao, asipende kumwudhi ye yote, hula kidogo huku na kidogo kule.

Katika nchi ya Uchagga jani la sale lina kazi mbili. Masale hupandwa kuonyesha mpaka wa kihamba. Na mtu aliyekosa hulichukua jani lilo hilo, akampelekea yule aliyemkosea, kumwomba msamaha, na ni aibu kubwa kulikataa. Fikirini jambo hili, ndugu zangu. Mmea ule ule unaowatenga katika ugomvi wa mpaka ndio wazee walioutumia kuwapatanisha. Na Bwana wetu ametufundisha, katika Mathayo mlango wa 5, mstari wa 23 na wa 24, kwamba mtu akikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake, aende kwanza akapatane naye. Kwa hiyo yafaa mambo haya yasemwe kabla mbuzi hajachinjwa, watu wangali na akili zao, wala si baada ya kula na kunywa.

Lakini tusijidanganye. Kupatana si kumwambia aliyeonewa anyamaze kwa sababu ni Noeli. Mjane akiwa amenyang'anywa shamba alilolima na mumewe, amani haiji kwa kumpa paja la mbuzi. Dada aliyemtunza mama miaka kumi asiambiwe kwamba yeye ni mtu wa kuolewa tu, wala hana neno katika kikao cha ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Ukoo wa Kikristo usingoje kufundishwa haki na baraza la ardhi. Na uitende wenyewe, watu wakiwa wote wapo, kwa maandishi, mbele ya mama yao angali hai. Zawadi hiyo ni kubwa kuliko blanketi.

4. Nyumba ni mahali pa kufundishia

Martin Luther alioa mwaka 1525, naye na mkewe Katharina walizaa watoto sita. Alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliandika juu ya sehemu zake kwamba mkuu wa nyumba awafundishe hayo watu wa nyumbani mwake kwa njia nyepesi. Hakuwaachia wachungaji kazi hiyo peke yao. Tena wimbo wake mmoja wa Noeli unaojulikana sana, uliochapishwa mwaka 1535, husimuliwa kwamba aliutunga kwa ajili ya watoto wake mwenyewe.

Na huku kwetu, mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na ambaye kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachagga kilitoka mwaka 1926, alifundisha kwamba Injili ikija haitakiwi kuvunja undugu, ujirani na rika, maana ndivyo vifungo ambavyo kwa hivyo mtu hujifunza kuwa mtu. Vifungo hivyo vyakazwa au vyalegezwa kwa mambo madogo: salamu, moto, sahani.

Kwa sababu hiyo naomba kila nyumba ifanye jambo moja jepesi jioni ya tarehe 24. Simu zikusanywe katika kikapu kimoja. Mtoto mmoja na asome Luka 2. Wote waimbe wimbo mmoja waujuao. Kisha mkubwa wa nyumba na awahesabu watu kwa majina, mmoja mmoja, na kumwombea kila mmoja neno moja: huyu kazi yake, huyu mtihani wake, huyu mimba yake, huyu mguu wake. Awataje na wasiokuja, hata yule ambaye jina lake halitajwi tangu ugomvi ule. Na awataje kwa shukrani waliofariki mwaka huu. Dakika kumi zatosha. Na mtoto aliyesikia jina lake likitajwa mbele za Mungu na babu yake hatasahau upesi.

5. Siku ya kuondoka

Wachungaji wa kondoo walirudi kazini mwao wakimsifu Mungu, na Mariamu akayaweka mambo yote moyoni akiyafikiri. Sisi nasi hurudi. Mama hutia ndizi na parachichi katika gari mpaka mwana asema, “Mama, basi, gari limejaa,” naye huongeza tena. Kisha geti hufungwa, na kimya hurudi kihambani.

Kabla ya kufunga geti, wana wa nyumba wapatane mambo matatu. La kwanza, ni nani atakayekuja Pasaka, ili mama asingoje mwaka mzima. La pili, ni nani atakayempigia simu siku gani, ili wasimpigie wote siku moja na siku nyingine kumi asisikie sauti. La tatu, ni jirani yupi ataombwa amchungulie kila asubuhi, na jirani huyo ashukuriwe kwa jambo la kuonekana. Maana kati ya Noeli hii na ile kuna miezi kumi na miwili, na wengi wamerudi kabla ya wakati wao, usiku, kuzika.

Maswali ya kuulizana

1. Ni nani katika nyumba yetu ambaye bado hajaketi chini tangu wageni walipofika?
2. Ni neno gani ambalo mzee wetu hajalisema kwa sababu hakuna aliyemngoja aseme?
3. Je, watoto wetu waweza kutaja majina ya baba na mama wa babu yao?
4. Ni ndugu gani ambaye tungependa kumpelekea sale mwaka huu? Ni nani atakayekwenda, na siku gani?
5. Je, kuna mtu wa ukoo wetu anayedai haki yake, nasi twamwita mgomvi?
6. Nani atarudi Pasaka?

Bwana aliyelazwa horini kwa kuwa mahali pa wageni palijaa, na azijalie nyumba zetu nafasi. Awalinde wasafiri njiani, awafariji wanaongoja mlangoni, awapatanishe waliofarakana, na awape ninyi nyote Noeli yenye amani. Amina.